Kiti Nje ya Mlango

Ukiingia katika chumba kilichopakwa na Rula, inua macho. Tazama pale juu, ukuta unapokutana na dari. Ukuta unaweza kuwa wa kijani kama jani bichi, dari nyeupe kama maziwa, na kati yao utaona mstari umenyooka hivi kwamba hata sisimizi akipewa kazi ya kuufuata hatapata pa kupinda. Na hakuna tepu iliyobandikwa pale. Mafundi rangi wengine hubandika tepu ya karatasi, wakapaka, wakaibandua, wakamshukuru Mungu. Rula alikuwa anapanda ngazi na brashi yake nyembamba, anavuta pumzi, anaiachia taratibu, na mkono unakwenda zake. Wenzake ndio waliompa jina hilo, la rula ya shule ya kupigia mistari, na likamkaa mpaka mama mkwe wake akawa anamwita hivyo mbele za watu, tena kwa kujidai.

Mtu anahitaji cha kujidai nacho, maana kazi hii haina sifa nyingi. Nyumba ikipendeza, anasifiwa mwenye nyumba kwa kuchagua rangi. Zulia likichafuka, ndipo fundi anakumbukwa.

Kazi aliifundishwa na baba yake mdogo, mtu mkali ambaye kope zake hazikuwahi kuisha vumbi. Pamoja na kushika brashi, baba mdogo alimfundisha adabu za kazi. Ukuta usioujua usiuegemee mpaka uuguse kwa mgongo wa kidole, kwa kuwa ncha ya kidole huacha alama. Na chumba kikiwa kibichi, weka kiti mlangoni, ukiwa umekigeuzia watu wanaokuja. Usiandike kitu.

"Ukiandika kwamba rangi mbichi," alisema baba mdogo, "mtu atasoma, halafu atagusa aone kama ni kweli. Lakini kiti, hata mjinga anajiuliza kimekaaje hapo."

Rula alikuwa bado kijana alipomwona tajiri mwenye jengo akikiruka kiti cha namna hiyo kwa dharau. Tajiri alitoka na bega moja la suti limekuwa la samawati, na mafundi wote wakageuka ghafla kuangalia madirisha ili wacheke vizuri. Tangu siku hiyo mpaka mvi zilipoanza kumchungulia, Rula hakupita kiti mlangoni hata mara moja. Likumbukwe hilo, kwa sababu ndilo lililotaka kumvunjia nyumba.

Pombe nayo haikumjia kwa kishindo. Ilimwingia kama unyevu unavyoingia ukutani, kutoka chini, kimya kimya, mpaka siku moja rangi inavimba. Mwanzo ilikuwa ya kusafisha koo baada ya kusugua puti, ile ya kuziba nyufa za ukuta, kutwa nzima. Ndivyo walivyosema mafundi, kwamba vumbi lile haliondoki kwa maji. Aliyesema hivyo kuliko wote alikuwa fundi mwenzake aliyeitwa Msasa, kwa kuwa hakuna aliyezungumza naye akatoka bila kukwaruzwa. Wawili hao walianza na chupa moja ya jioni, wakigawana. Halafu kila mtu akawa na yake. Halafu Rula akawa anatangulia kufika, akisema anamwekea mwenzake nafasi. Mwisho ikawa na asubuhi pia, kidogo tu, ya kutuliza mkono. Mkono ulitetemeka kwa sababu ya ile ya jana, na ile ya leo ilikuwa inauandaa utetemeke kesho.

Siku aliyonunua tepu, aliificha chini ya matambara kwenye ndoo. Msasa akaiona.

"Jamani, njooni muone! Rula amenunua tepu! Kesho mtasikia samaki amenunua boya!"

Wenzake wakacheka, na Rula akacheka kuwashinda wote. Lakini kicheko kile hakikumtoka rohoni, na jioni hiyo alikunywa mpaka akavaa miwani kabisa.

Mke wake alikuwa dobi katika hospitali. Kazi yake ilikuwa mashuka: kuyatoa kwenye mashine, kuyanyoosha, kuyakunja pembe kwa pembe mpaka rundo lisimame kama tofali. Pua yake haikudanganyika. Rula alikuwa na desturi ya kujipaka tina kidogo kwenye shati, ile ya kuoshea brashi, ili harufu ya kazi ifunike hiyo nyingine.

"Baba watoto," mke wake alimwambia siku moja, "mimi nanusa shuka nakwambia mgonjwa alikunywa dawa gani. Na wewe unataka kunipiga chenga kwa tina?"

Watoto wao walikuwa wamekua na kwenda kwenye maisha yao, nyumba ikabaki na wazee wawili tu. Chumba chao cha kulala Rula alikuwa amekipaka mwenyewe, wiki ile waliyooana, ukuta rangi ya siagi na dari nyeupe. Bibi arusi wa siku hizo alilala chali akautazama mstari ule wa juu kwa muda mrefu, akasema, "Huu ni wangu." Na kweli ulikuwa wake. Alikuwa anaamka nao na kulala nao miaka yote.

Sasa usiku mwingi aliutazama peke yake, akingoja hadithi. Maana Rula hakurudi bila hadithi. Ngazi imevunjika. Tajiri amechelewa na ufunguo. Mvua imenyesha, lakini upande ule wa huko tu. Mke wake alizisikiliza hadithi hizo, akazipinga, akazililia, mwisho akaacha hata kuzijibu. Hapo ndipo Rula alipotakiwa ashtuke. Yeye alidhani ni amani imeingia.

Kisha akaanguka. Hakuwa juu sana, ilikuwa ngazi fupi ya kupakia fremu za madirisha, lakini nyusi ilikutana na mdomo wa kopo la rangi ikapasuka. Muuguzi aliyemshona, katika hospitali ile ile ya mke wake, alikuwa mama mtu mzima, mwenye mikono ya haraka na ulimi wa taratibu.

"Umeangukia wapi, baba?"

"Kwenye ngazi."

"Ngazi ilikuwa imekunywa?"

Muuguzi akavuta uzi, akaukata.

"Sikusemi mimi," akaendelea. "Lakini kuna watu wanakutana kila Jumatano jioni. Walikuwa wanakunywa, sasa wanasaidiana wasinywe. Unalijua duka la vyerehani mtaa wa nyuma? Panda ngazi za pembeni, shika korido ya kushoto, mlango wa mwisho. Usitafute kibao, hakuna. Hawataki mtu aone aibu ya kukutwa anasoma kibao."

"Wanatoa dawa?"

"Hapana. Wanaongea."

"Wanaongea tu?"

"Na wewe ulikuwa unakunywa tu," alisema muuguzi, akambandika plasta.

Mke wake alitoka chumba cha kufulia akiwa bado na aproni yake, akasikia habari ya Jumatano kutoka kwa muuguzi, akamchukua mumewe, wakarudi nyumbani. Walipofika alifungua kabati, akatoa nguo zake, akaanza kuzikunja. Gauni juu ya gauni, khanga juu ya khanga, pembe kwa pembe. Rundo likasimama juu ya sanduku, mwisho wa kitanda.

"Kazini wana chumba kwenye nyumba za wafanyakazi," akasema. "Wananingoja nijibu. Sikufukuzi, baba watoto, wala sikutishi. Nimechoka kuamini, basi. Nenda hiyo Jumatano. Ukienda, nitakaa. Ukiniletea hadithi, nitakwenda."

Jumatano ilipofika Rula alioga mapema, akavaa shati ambalo halikuwahi kuona rangi. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni, na mikono ilikuwa inacheza ngoma yake yenyewe ndani ya mifuko. Akalipata duka la vyerehani. Akapanda ngazi za pembeni, akashika korido ya kushoto, korido ndefu yenye milango ya mbao na taa moja. Akahesabu pumzi zake kama anayejiandaa kuvuta mstari. Akafika mwisho.

Mbele ya mlango wa mwisho palikuwa na kiti.

Kilikuwa kiti cha mbao cha kawaida, kimewekwa katikati kabisa, kimemgeukia yeye. Rula akasimama. Mlango ulikuwa umefungwa na sauti hakuzisikia, labda kwa sababu moyo wake ulikuwa unapiga kelele kuliko mtu yeyote. Alichokiona yeye ni kile ambacho fundi rangi yeyote angekiona. *Wamepaka*, akajisemea. *Chumba kibichi.* Na hakika alikuwa mkweli. Alihisi pia mabega yakishuka kwa faraja, hilo hatulifichi, lakini habari ya rangi hakuitunga. Akageuka kwa heshima zote za kazi, akashuka.

Akapita mbele ya baa. Msasa alikuwa mlangoni, akampungia. Rula akampungia pia, akapitiliza mwendo mmoja. Alikuwa anakwenda nyumbani na kitu ambacho hakuwa nacho siku nyingi: ukweli.

"Umewahi kurudi," alisema mke wake.

"Wamepaka rangi."

"Akina nani?"

"Kule kwenye chumba cha mkutano. Kuna kiti mlangoni."

Mke wake alimsogelea akamnusa shingoni, akamnusa mdomoni. Alikuwa safi. Hilo ndilo lililomchanganya.

"Kiti," akasema.

"Kiti."

"Kiti hiki cha kawaida, chenye miguu?"

"Mama watoto, kiti kikiwekwa mlangoni maana yake..."

"Nimesikia ngazi," mke wake akamkata. "Nimesikia mvua. Nimesikia misiba ya watu niliokutana nao sokoni wiki iliyofuata, wazima, wananunua vitunguu. Lakini mtu mzima kufukuzwa na kiti! Hii ni mpya. Hongera."

Akacheka, na kicheko chake hakikuwa na furaha hata chembe. Rula akabaki ameshika kitasa. Mwongo akikataliwa hutafuta uongo mwingine. Yeye siku hiyo hakuwa na kingine cha kutafuta. Akatoka na hasira zake, na hasira zikamfikisha baa, na huko akakunywa kama mtu aliyedhulumiwa.

Asubuhi mke wake alikuwa amekaa kando ya lile rundo, amevaa tayari kwenda kazini.

"Kama si pua yangu ningekuwa nimeshaondoka," akamwambia. "Uliporudi mara ya kwanza ulikuwa safi, nilikunusa mwenyewe. Kwa hiyo nenda tena Jumatano ijayo. Ila kama kiti kitakuwepo, baba watoto, basi mimi sitakuwepo."

Rula aliyabeba maneno hayo mpaka kazini. Walikuwa wanapaka ofisi za ghorofa moja, yeye na Msasa, na mchana wakiwa wamekaa juu ya ndoo zilizofunikwa, akamweleza mwenzake yote. Msasa hakucheka.

"Na wewe ulitaka uingie vipi?" akasema. "Kiti si kipo mlangoni? Hata mimi ningerudi."

"Hata wewe?"

"Kiti ni kiti, ndugu yangu. Mkeo hajui kazi, msamehe."

Basi katika mji mzima aliyemwamini ni Msasa peke yake. Rula alikuwa karibu kushukuru, Msasa alipoongeza, akiutafuna mkate wake: "Ilikuwa ya maji au ya mafuta?"

"Nini?"

"Rangi. Ilinukaje?"

Rula akairudia korido yote kichwani, hatua kwa hatua. Mbao, vumbi, mafuta ya vyerehani kutoka chini. Rangi haikuwepo. Yeye, ambaye zamani angeingia nyumba ya watu akajua imepakwa lini, alisimama mlangoni bila kunusa.

"Haikunuka," akasema polepole.

"Haikunuka?" Msasa akamtazama, na sasa meno yakaanza kuonekana. "Ah, Rula! Basi umekimbizwa na kiti kweli!"

Jumatano ya pili alipanda zile ngazi akiwa na rundo la nguo machoni. Akaomba kimoyomoyo kiti kisiwepo. Kilikuwepo. Pale pale katikati, kimemgeukia kama kilikuwa kinamngoja.

Miguu ilitaka kurudi, maana adabu ya kazi iko kwenye miguu kabla haijafika kichwani. Rula akajikaza. Akanusa: vumbi, mbao. Akanyoosha mkono juu ya kiti, akaigusa fremu ya mlango kwa mgongo wa kidole. Kavu. Kavu ya miaka. Na imepakwa vibaya, tena na mtu mwenye haraka, maana matone yalikuwa yametiririka yakakauka njiani kama machozi ya mtoto aliyelala akilia. Kwa dakika hiyo aliona hasira ya kifundi, na hasira hiyo ikamsahaulisha woga. Akakaa kwenye kiti.

Ndipo akasikia. Ndani watu walikuwa wanacheka. Hilo hakulitegemea, alidhani atasikia vilio. Mwanamke mmoja alikuwa anasimulia jinsi alivyoficha chupa kwenye debe la unga, mama mkwe akaja kusaidia kupika, akazamisha mkono, akatoka na chupa nyeupe. "Akaniuliza, mwanangu, hii ni hamira ya wapi?" Kicheko kikapanda, na Rula, nje, akajikuta naye anacheka, mkono mdomoni.

Mlango ukafunguka kidogo. Akatokea mzee mnene mwenye sweta, waliyemwita Dereva kwa sababu alikuwa ameendesha malori maisha yake yote.

"Karibu," akasema, kama anamkaribisha mtu aliyezoeleka.

"Samahani. Nilikuja wiki iliyopita, nikaona kiti, nikadhani..."

"Kiti ni cha anayeogopa kuingia. Anakaa hapo anatusikiliza mpaka achoke kuogopa. Wengine hukaa hapo Jumatano nyingi, hatuwasumbui." Akataka kuufunga mlango, akasita. "Ukiwa tayari, ingia nacho. Ndani tumekiachia nafasi."

Mlango ukarudi. Rula akabaki na korido na taa moja. Alimfikiria baba yake mdogo, akafikiria mstari wa rangi ya siagi, akafikiria tepu chini ya matambara. Kisha akasimama, akakinyanyua kiti kwa egemeo lake, akasukuma mlango kwa bega.

Watu walikuwa wamekaa kwa duara, na kwenye duara kulikuwa na pengo la kiti kimoja. Hakuna aliyemkodolea macho. Akakiweka, akakaa, kikatosha.

"Mimi ni fundi rangi," akasema, kwa kuwa hilo ndilo alilokuwa na uhakika nalo. Wakangoja. "Na nakunywa. Nakunywa mpaka mkono umeniharibikia." Halafu, kwa kuwa hakujua la kuongeza, akawaeleza habari ya kiti: baba mdogo, bega la samawati, alivyogeuka na kushuka ngazi kwa adabu, na alivyopokelewa na mkewe. Walicheka mpaka Dereva akavua miwani afute macho.

"Tumekiweka hapo miaka ili kivute watu," alisema, "kumbe kuna ambao kinawafukuza!"

Lakini walimwamini. Chumba kizima kilimwamini, watu ambao wenyewe walikuwa mabingwa wa hadithi na waliijua ya uongo hata ikiwa mbali. Rula alishuka zile ngazi amenyoosha shingo.

Nyumbani mke wake alimngoja mlangoni.

"Kiti?"

"Kilikuwepo."

Mke wake akafumba macho.

"Ni cha kukalia," Rula akasema haraka. "Mtu anakikalia, halafu anaingia nacho. Nimeingia nacho, mama watoto."

"Umeingia na kiti."

"Ndiyo."

Hadithi ilikuwa imezidi kuharibika, hata yeye aliisikia. Mke wake akamnusa. Akamnusa tena. Akaenda akalitazama rundo lake, akaliacha lilipokuwa.

"Tutaona," akasema.

Jumatano zikafuatana. Rula hakueleza tena kitu, alikwenda tu na kurudi, na pua ya mke wake ikafanya kazi yake. Siku moja tu aliteleza, tajiri mmoja alipowapa mafundi chupa ya kufurahia nyumba kuisha. Alirudi nyumbani akasimama katikati ya chumba kabla hajanuswa, akasema, "Leo nimekunywa." Mke wake alikaa chini. Katika miaka yote ya ngazi na mvua na misiba, sentensi hiyo hakuwa ameisikia. Usiku ule alimwekea chakula, na Jumatano iliyofuata alimpigia pasi shati.

Mkono ukaanza kurudi. Ulirudi kwa maringo, leo upo, kesho haupo, kama mgeni anayeangalia kama nyumba imesafishwa. Na kadiri ulivyorudi ndivyo zile fremu za chumba cha mkutano zilivyomkera. Akiwa anasikiliza wenzake, macho yalikuwa yanamtoroka kwenda juu, ambako mtu mwenye haraka alikuwa ameacha ukuta na dari vikipigania mpaka. Mwisho akamwomba Dereva ufunguo. Akaja Jumapili, peke yake, na makopo ya mabaki aliyoyahifadhi kutoka kazi nyingi, akayachanganya akapata rangi moja ya siagi. Tepu ilikuwepo ndooni. Akaitazama, akaiacha humo.

Kona ya kwanza mkono ulitikisika. Akashuka, akanywa maji, akangoja. Akapanda tena, akavuta pumzi, akaiachia taratibu, na mkono ukakwenda. Ukakwenda kutoka kona mpaka kona, na alipofika mwisho alikuwa analia na kucheka, na hakuna aliyekuwepo kumuuliza sababu. Alipomaliza alitoka, akavuta kiti akakiweka mlangoni, na safari hii kilikuwa na haki ya kuwa pale.

Baada ya kazi hiyo Dereva akamkabidhi shughuli ya kukitoa kiti kila Jumatano kabla ya mkutano. Rula alikitoa kwa heshima, akakigeuza, akakipangusa vumbi.

Jumatano moja walikuwa wameshaanza, Dereva aliposikia mtu anakohoa koridoni. Akafungua mlango kidogo.

"Karibu, dada."

"Mimi sinywi," ikajibu sauti ya mwanamke.

"Sawa, dada. Wengi wetu tulianza hivyo hivyo."

"Nakwambia sinywi! Wala sijawahi!"

"Hakuna anayekulazimisha kusema leo. Kaa tu."

Ndani watu wakaanza kubana vicheko. Rula peke yake hakucheka. Damu ilikuwa imempanda mpaka masikioni, maana sauti ile angeitambua hata chini ya maji.

"Baba, nisikilize," sauti ikaendelea, sasa kwa ukali wa mtu anayekanusha doa kwenye shuka lake. "Nimetoka kazini, nimemfuata mume wangu. Ni miezi sasa tangu aniambie habari ya kiti. Kiti kimemzuia, kiti kimemkaribisha, ameingia nacho. Nimekuja nione kwa macho yangu, hicho kiti kipo au hakipo."

"Dada," alisema Dereva kwa upole, "umekikalia."

Kisha ikasikika miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, na mke wa Rula akaingia akiwa na aproni ya kazini, amekumbatia kiti kifuani kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. Watu wakasogea, pengo likapatikana pembeni ya mumewe. Akaketi wima. Hakumtazama Rula. Alitazama huku na huko, wageni, mlango, fremu, halafu macho yakapanda juu, kama yalivyozoea kupanda kila asubuhi ya ndoa yake, yakafika pale ukuta unapokutana na dari. Yakaanza kwenye kona moja, yakaenda polepole, yakageuka kona ya pili, yakaenda mpaka yakarudi yalikoanzia.

"Huu ni wangu," akasema, bila kumwambia mtu.

Rula akainamisha kichwa.

"Hukubandika tepu."

"Sikubandika."

Mkono wake wa mashuka, mkavu kwa sabuni, ukauchukua mkono wa mumewe juu ya paja, ukaushika, ukangoja. Ulikuwa umetulia. Dereva akakohoa na kumwomba yule mama wa debe la unga aendelee, kwa kuwa wengine pale walishaanza kutafuta leso.

Walirudi kwa miguu, wakifuatana, Rula akimweleza kwamba siku hizi ndiye anayekitoa kile kiti. Jua lilikuwa bado halijazama na baa ilikuwa imefurika. Msasa alikuwa mlangoni na genge lake, na alipowaona akapaza sauti mtaa mzima usikie:

"Rula! Vipi, kiti kimekufukuza tena leo?"

Genge likaangua kicheko. Rula angepitiliza, lakini mke wake alisimama. Akajinyoosha aproni, akamgeukia Msasa na wote waliokuwa nyuma yake.

"Kiti kipo, shemeji," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. "Nimekikalia mimi mwenyewe. Na mume wangu ndiye anayekiweka."

Msasa akageuka akaingia ndani bila kumkwaruza mtu, jambo ambalo baa ile haikuwa imewahi kuliona. Mke wa Rula akaushika mkono wa mumewe, akaupitisha chini ya kwapa lake, na wakaondoka katikati ya barabara, taratibu, ili kila mwenye dirisha awaone vizuri.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku, akalinyanyua lile rundo, akaanza kuzikung'uta nguo moja moja na kuzirudisha kabatini, huku analalamika: zimeingia vumbi, zimefanya mistari ya kukunjwa, itabidi zifuliwe zote upya, na yeye kutwa nzima alikuwa anafua mashuka ya watu.